Memori Kadi Iliyofufua Mashine: Somo la Programu za Nyumbani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mhariri wa jarida letu alinisihi niandike juu ya jambo ninalolijua mwenyewe, si jambo nililolikariri. Nikawaza sana. Mashairi yana wenyewe katika chama hiki, na insha za safari ya ushago zimejaa kabati zima la mwalimu. Mwishowe nikaona niandike juu ya mashine ya gemu, maana nusu ya karo yangu hutoka ndani yake.

Kaka yangu mkubwa ana kibanda cha gemu hapa Umoja. Ni kibanda cha mabati chenye runinga tatu, benchi mbili, feni moja inayolia kama paka, na wateja wasiopungua wakati wa likizo. Mechi moja ni shilingi 10. Ana PlayStation 2 mbili na PlayStation 3 moja. Likizo ya Aprili, PlayStation 2 moja iligoma. Ukiweka diski inazunguka, inakwaruza, kisha inasema haioni kitu. Fundi mmoja wa Kariobangi aliifungua akatuambia leza imechoka. Leza ni ule mwanga mdogo unaosoma diski kupitia kwa lenzi, na vumbi la mtaa wetu halikuihurumia. Akasema, "Kijana yangu, kuinunulia leza nyingine ni kumvalisha maiti suti. Lakini ukiwa na memori kadi, hii itaamka bila diski."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kusoma, na leo nataka tusome pamoja.

SOMO LA KWANZA: MASHINE HII NI NINI?

Wengi wetu tunadhani mashine ya gemu ni kitu kimoja na gemu. La hasha! PlayStation 2 ni tarakilishi. Ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi mwaka 2000, na kampuni ya Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Katika muda huo ziliuzwa zaidi ya milioni 150. Ubongo wake hufanya kazi kwa kasi ya takriban megahazi 294, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni megabaiti 32 tu. Simu ya mkononi ya kawaida siku hizi inaishinda mbali sana. Hata hivyo, kwa megabaiti hizo 32, vijana wa Eastlands wamefunga mabao yasiyohesabika.

Kwamba hii ni tarakilishi si maneno yangu. Mwaka 2002 Sony yenyewe iliuza vifaa vya kuigeuza kuwa tarakilishi kamili: kibodi, kipanya, hadi diski, pamoja na mfumo wa Linux. Basi mbona hii yetu haikubali kuendesha programu yoyote tuipendayo? Jibu ni kwamba imefungwa kufuli. Mtengenezaji huiwekea mashine kufuli ili iendeshe tu gemu alizoziidhinisha. Sababu ni mbili. Kwanza, azuie diski za kunakiliwa. Pili, kila anayetaka kutengeneza gemu ya mashine hiyo apitie kwake na amlipe.

Programu ya nyumbani, kwa hivyo, ni programu iliyotengenezwa na mtu yeyote, nyumbani kwake, bila kibali cha mtengenezaji wa mashine. Inaweza kuwa gemu, saa, kifaa cha kuchezea muziki, au kabati la kupangia faili. Tafadhali shika maana hiyo vizuri, kwa sababu tutaihitaji huko mbele.

SOMO LA PILI: MLANGO UKO WAPI?

Zamani mlango uliozoeleka ulikuwa kuchipu. Fundi alifungua mashine, akatia lehemu nyaya nyembamba kama nywele, akaiunganisha chipu inayoidanganya mashine kwamba kila diski ni halali. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kwaheri mashine. PlayStation 2 yetu ya pili ilichipiwa hivyo kabla kaka hajainunua.

Mwaka 2008 ulipatikana mlango mwingine. Wataalamu wawili waliojulikana kwa majina ya kupanga, Neme na jimmikaelkael, walitoa programu iitwayo Free McBoot. Hii haihitaji lehemu wala bisibisi. Inakaa ndani ya memori kadi, ile kadi ndogo ya megabaiti 8 tunayohifadhia michezo yetu.

Inafanyaje kazi? Hebu mfikirie bawabu wa shule yetu. Kila asubuhi kabla hajafungua geti, huangalia kama kuna barua kutoka kwa mwalimu mkuu yenye maagizo mapya. Barua ikiwepo, anaifuata. Isipokuwepo, anafanya kazi kama jana. PlayStation 2 ni vivyo hivyo. Ukiiwasha, kabla haijaonyesha menyu yake, huchungulia kwenye memori kadi kuona kama kuna faili ya mabadiliko kutoka kwa mtengenezaji. Sony iliacha nafasi hiyo makusudi ili iweze kurekebisha mambo baadaye. Waliotengeneza Free McBoot waligundua jinsi ya kuandika barua ambayo bawabu ataikubali.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa. La kwanza, barua hiyo hufungwa kwa siri ya kadi ile ile moja. Ukinakili faili zake tu hadi kadi nyingine, hazitawaka. Ni lazima kila kadi iwekewe upya. La pili, na hili ndilo lililonitoa woga, ndani ya mashine yenyewe hakuna kinachobadilishwa. Ukichomoa kadi, mashine inarudi vile ilivyotoka kiwandani.

SOMO LA TATU: HATUA ZA KUIWEKA

1. Geuza mashine usome namba iliyo chini yake, inayoanza na SCPH. Karibu zote zinakubali. Zile za mwisho mwisho katika kundi la 90000 zinakataa, maana Sony iliuziba mlango huo. Hizo zilipata njia nyingine mwaka 2020, inayopitia kwenye kichezeo cha dividii cha mashine.

2. Tafuta memori kadi halisi, au angalau nzuri. Kadi nyingine za bei ya chini hazina ile sehemu ya siri tuliyoitaja, nazo hazifai. Iwe TUPU. Narudia: iwe tupu.

3. Tafuta njia ya kuiendesha programu mara ya kwanza. Ili ufungue mlango unahitaji mtu aliye ndani tayari! Waweza kuazima kadi ya rafiki iliyokwisha kuwekewa, au ukatumia mashine iliyochipiwa. Sisi tulitumia ile yetu yenye chipu, tukaiwekea diski yenye uLaunchELF, ambayo ndiyo programu ya kupanga na kunakili faili.

4. Weka faili za kusakinisha kwenye flashi, uichomeke kwenye tundu la USB la mashine. Kupitia uLaunchELF fungua flashi, kisha uendeshe programu ya kusakinisha.

5. Utaulizwa kama unaweka kwa ajili ya mashine hiyo peke yake au kwa mashine za aina mbalimbali. Ukitaka kadi ifanye kazi kwenye mashine tofauti, chagua hiyo ya pili. Lakini ujue kwamba inapanga faili kwa ujanja ujanja, na baadaye ukianza kufuta futa vitu ovyo, kadi inaweza kuharibika.

6. Subiri. Usichomoe kadi, usizime mashine, wala usimruhusu mtu aruke waya wa stima.

7. Hamisha kadi hadi kwenye mashine iliyokufa leza, uwashe. Badala ya menyu ya kawaida utaona menyu mpya.

Kwenye menyu hiyo unaweza kuongeza Open PS2 Loader, programu inayoendesha gemu iliyogeuzwa kuwa faili. Inaisoma kutoka kwa flashi, hadi diski, au mtandao, na leza haina kazi tena. Usitegemee miujiza lakini. Tundu la USB la mashine hii ni la kizamani, na kasi yake ya juu ni megabiti 12 kwa sekunde, kwa hivyo zile filamu za mwanzo wa gemu hukwama kwama. Tena flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja inayofika gigabaiti 4, ilhali dividii moja inaweza kupita hapo. Faili hiyo hukatwa vipande kwanza.

SOMO LA NNE: KOSA LANGU

Haraka haraka haina baraka. Mara ya kwanza sikufuata hatua ya pili. Kadi tupu ilikuwa shilingi 500, nami nilikuwa na shilingi 50. Nikaona, kwani iko nini? Nikachukua kadi kubwa ya kibanda, iliyokuwa na michezo ya wateja wote. Nilikuwa pekee yangu, kaka ameenda kununua unga. Programu ilipokuwa katikati ya kuandika, stima ikapotea mtaa mzima.

Iliporudi, kadi haikusomeka. Ligi za wateja zote zilikuwa zimekwenda. Kulikuwa na kijana mmoja wa darasa la saba aliyekuwa amecheza msimu wake tangu Januari, kidogo kidogo, shilingi 10 kila Jumamosi. Alisimama mlangoni akanitazama tu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kaka naye hakunipiga. Aliniambia, "Wewe ndiye utawaambia mmoja mmoja." Nikawaambia mmoja mmoja. Kisha akawapa kila mmoja mechi tano za bure, na hesabu ya hizo mechi ikatolewa kwenye pesa zangu za nauli. Muhula wote wa pili nilitembea kuja shuleni kwa miguu. Walimu walionikuta nikichelewa, sasa mmejua.

Kwa hivyo, ukitaka kugusa kadi yenye vitu vya watu, kwanza vinakili vyote kwenye flashi kwa uLaunchELF. Ni kazi ya dakika chache. Mimi ningefanya hivyo, nisingejua umbali wa kutoka Umoja hadi hapa kwa hatua.

SOMO LA TANO: CHA MTU NA CHAKO

Mara ya pili tulinunua kadi tupu, na mashine ikaamka. Kibanda kizima kilipiga makofi. Fundi akaja na habari njema zaidi: ana flashi iliyojaa gemu, shilingi 800 tu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mambo ya hakimiliki katika saiba, nikajifanya wakili. Nikamwambia kaka kwamba huo ni wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya uandishi, sawa na riwaya au diwani. Sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kinga za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi za watu. Kwa hivyo memori kadi yetu si kibali cha kubeba kila kitu.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akavuta katoni iliyo chini ya benchi akanionyesha diski zetu. "Na hizi unadhani nilizitoa wapi?" Zote zilikuwa zile za shilingi 100, zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Nakala tupu. Ndiyo sababu alinunua mashine iliyochipiwa. "Hizi ndizo zilikununulia sare," akasema. "Ukipata njia nyingine ya kulipa karo, niambie, nitakusikiliza."

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu, na hata leo jibu langu halijakamilika. Siwezi kuandika katika jarida hili kwamba mikono yetu ni safi. Lakini nilijiuliza swali: mlango huu ulifunguliwa ili watu wachukue tu, au pia ili watengeneze?

Binamu yangu aliye chuoni ana kipakatalishi. Alinionyesha kwamba kuna vifaa vya bure vya kuandikia programu za PlayStation 2 kwa lugha ya C, vinavyoitwa PS2SDK. Wikendi nne tulihangaika. Mwalimu wangu wa Kiswahili hunitoa nusu maki nikisahau alama ya uakifishaji, lakini mashine ukiisahaulia nukta mkato moja hukutoa maki zote! Mwishowe nilipata programu isiyofika mistari 40. Inafungua faili ya maandishi iliyo kwenye kadi na kuyaonyesha maandishi hayo kwenye skrini. Basi. Niliandika hivi:

Mechi moja shilingi 10. Lipa kwanza.
Usigonge pedi ukifungwa bao.
Ukiwa na sare ya shule kabla ya saa kumi, huchezi.
Matusi nje.

Chini yake niliandika jina langu. Tukaipanga kadi ili maneno hayo yawe ya kwanza kwenye menyu. Waliokuwa wakibishana na kaka kila siku kuhusu malipo sasa wakaanza kubishana na runinga, wakashindwa. Watoto wadogo walisoma kwa sauti. Katika mashine iliyotengenezwa ng'ambo, yenye menyu ya Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na nyinginezo, lakini si Kiswahili, palikuwa na Kiswahili chetu. Waama, nilijiona mkubwa kuliko mfungaji bora.

Wiki mbili hazikupita. Nilitumwa kitunguu, nikapita karibu na kibanda kingine cha gemu mtaa wa pili. Nikachungulia. Kwenye skrini yao kulikuwa na maneno yangu, moja baada ya jingine, hata lile la sare ya shule. Mtu alikuwa amenakili programu yangu kwa flashi na kuiweka kwenye kadi yao. Chini, palipokuwa na jina langu, paliandikwa jina la mwenye kibanda.

Damu ilinichemka. Niliingia nikamwambia, "Mkubwa, hiyo ni yangu." Akacheka akasema, "Kijana, kwani wewe umepoteza nini? Yako bado uko nayo."

Kweli, yangu ilikuwepo bado. Lakini zile wikendi nne zilikuwa zangu, naye alikuwa amezivaa kama koti lake. Nilipokuwa nikirudi nyumbani na kitunguu changu, nilikumbuka katoni iliyo chini ya benchi. Kila diski mle ndani ilikuwa na wikendi za mtu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nilipomsimulia kaka, hakunicheka. Alikaa kimya, kisha akasema flashi ya fundi hatainunua kwanza. Katoni bado iko chini ya benchi. Tumekubaliana kwamba kila mwezi tutaweka kitu kando, ili PlayStation 3 ipate diski halali moja, hata kama ni mtumba. Ya kwanza tuliinunua Agosti. Ni moja tu, lakini ninajua ilikotoka.

HITIMISHO

Msomaji wangu, mtu anayekuambia kuwa programu za nyumbani ni wizi hajui maana yake. Anayekuambia kuwa zinahalalisha kila kitu naye anakudanganya. Memori kadi ni ufunguo. Fundi alinifunza kwamba unaweza kufufua kitu kilichotupwa. Stima ilinifunza subira. Lakini heshima kwa kazi ya mtu mwingine sikufunzwa na sheria, ingawa niliisoma. Nilifunzwa siku nilipotengeneza kitu changu, hata kama ni mistari minne.

Kwa hivyo ombi langu kwa Chama cha Kiswahili ni hili. Open PS2 Loader hukubali kuongezewa lugha kwa faili ya maneno, ambamo kila mstari ni neno moja la kwenye skrini. Tukae pamoja mwaka ujao tuitafsiri: anza, rudi, hifadhi, toka, mipangilio. Majina ya wote waliotafsiri yaandikwe. Atakayeinakili na ainakili kwa furaha, mradi asiyafute.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya programu ya nyumbani na gemu iliyonakiliwa.
2. Kwa nini faili za Free McBoot haziwaki zikinakiliwa tu hadi kadi nyingine?
3. "Yako bado uko nayo." Jadilini kauli hii ya mwenye kibanda. Je, mwandishi alipoteza nini?
4. Ungekuwa wewe ndiye kaka, ungeifanyia nini ile katoni? Toa sababu.

MSAMIATI

Kuchipu: kuunganisha chipu kwenye mashine ili ikubali diski zisizo halali.
Lehemu: madini yanayoyeyushwa ili kuunganisha nyaya.
Kusakinisha: kuweka programu ndani ya mashine ili ifanye kazi.
Kipakatalishi: tarakilishi ndogo ya kubebwa.
Hakimiliki: haki ya aliyetunga au kutengeneza kazi.

Wassalamu. Tukutane kibandani, lakini baada ya saa kumi.